Kupanda mawimbi Ghuba ya Malindi: mwongozo kamili wa anayeanza kwenye ufuo mtupu

Mpwa wangu alipopata ubao wake wa kwanza, wa sponji, futi 8, rangi ya buluu iliyopauka na pezi moja limemeguka, alitaka kuruka nao majini saa hiyo hiyo. Nikamwambia auegemeze kwenye mvinje tukae. Tulikaa nusu saa. Akanuna. "Mjomba, tumekuja kupanda mawimbi ama kuyahesabu?"

Siku ile tulikuja kuyahesabu. Kwenye mwamba, wimbi huvunjika palepale mwaka nenda mwaka rudi, na anayejifunza anaweza kuonyeshwa mahali pa kukaa akapakariri. Kwenye mchanga hakuna pa kukariri. Mchanga unahama, na wimbi linahama nao. Na ufuo ukiwa mtupu hakuna aliyekutangulia majini ambaye utamtazama uige. Macho yako ndiyo mwalimu, kwa hiyo sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa inahusu kutazama.

Nachukulia kwamba unajua kuogelea. Kuogelea ninakokusudia ni mita 200 bila kugusa chini, kisha kuelea chali dakika 5 bila wasiwasi. Kama bado, anza na hilo wakati bahari ni shwari. Kamba ya mguu, ile inayokufunga na ubao, hukatika, na ubao ukishakwenda zake unabaki na mikono yako tu.

Ghuba na tabia zake

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba. Wimbi kutoka Bahari ya Hindi huvunjikia huko nje, linalofika mchangani ni mabaki. Ghuba ya Malindi ni mlango ulioachwa wazi. Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi na kisha Galana, humwaga maji matamu na tope kaskazini ya mji, na matumbawe hayapatani na vitu hivyo viwili. Mwamba ukakatika, na wimbi likapata njia ya kuingia mpaka kwenye mchanga bila kubisha hodi.

Kusini ya nguzo ya Vasco da Gama, kuelekea Silversands na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, matumbawe yanarudi. Huko nenda na miwani ya kuzamia, ubao uache nyumbani.

Ile rasi yenye nguzo huikinga ghuba upande wa kusini. Ndiyo maana karibu na jeti maji ni mapole, na kadiri unavyotembea kwenda kaskazini mawimbi yanaongezeka kimo. Hiyo ni ngazi uliyowekewa bure. Anza mbali kiasi na jeti usije ukawa njiani mwa mashua, kisha kila baada ya wiki mbili tatu sogea kaskazini kidogo. Lakini usifike mlangoni mwa Sabaki. Pale mkondo wa mto unapigana na wa bahari, magogo yanaelea yamejificha chini ya maji ya tope, na mtoni mna viboko na mamba ambao hawajawekewa mpaka. Mimi huacha kilomita 2 nzima kati yangu na mlango wa mto, na mvua zikinyesha bara huacha zaidi.

Aliye Lamu ana Shela, ile ya kisiwani, si hii Shela yetu ya mjini Malindi. Ufuo wake una urefu wa kilomita 12 hivi. Pale kijijini kisiwa cha Manda kinakinga maji, hupati wimbi la maana. Tembea kuelekea bahari kuu mpaka Manda ikuache nyuma, utaanza kuyasikia kabla ya kuyaona. Mambo mengine yote ni yale yale, ila kule aliye karibu nawe anaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Usiende peke yako.

Msimu, mwezi na saa

Kusi, upepo wa kusini, huanza kuvuma mwezi wa nne hivi na hukolea kati ya mwezi wa sita na wa nane. Ndio msimu wa mawimbi makubwa, na pia wa bahari iliyochafuka. Kuanzia saa tatu au nne asubuhi upepo unayakatakata maji, mawimbi yanakuwa mengi, mafupi, yasiyo na mpangilio. Alfajiri ni hadithi nyingine: umande, ule upepo baridi unaotoka bara, huyalainisha maji, na kwa muda wa saa mbili hivi unapata mistari iliyonyooka. Masika, mwezi wa nne na wa tano, Sabaki inafurika na ghuba inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kipindi hicho usiingie. Huoni kilicho chini wala kinachokuja.

Demani, upepo wa kusi ukianza kulegea kuelekea mwezi wa tisa na wa kumi, ndio msimu ninaoupenda kwa mtu anayejifunza. Mawimbi yanayotoka mbali kusini bado yanafika, lakini upepo umepunguza ukali. Kaskazi, upepo wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, mawimbi huwa madogo na upepo huingia ghubani moja kwa moja wakati wa mchana, lakini asubuhi mapema unaweza kupata povu la magotini, zuri kabisa kwa wiki ya kwanza. Maji hayana baridi msimu wowote, ni nyuzi 25 hivi kusi ikikolea na hufika 29 mwisho wa kaskazi. Hakuna haja ya nguo ya mpira.

Sasa mwezi, ule wa angani. Wavuvi wetu huhesabu siku za mwezi ndipo wajue maji, na hesabu hiyo inamfaa sana mwenye ubao. Siku za mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Bamvua pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukifika mwezi nane hivi, na tena ishirini na mbili, mambo yamegeuka: ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na yanajaa mnamo saa nne asubuhi.

Ona maana yake. Asubuhi ya bamvua, saa kumi na mbili unakuta maji bado yamejaa mno, mawimbi yanapasukia ukingoni kabisa kwenye mteremko mkali, na kuanzia hapo yanapwa kwa kasi yakivuta kila kitu kwenda nje. Asubuhi ya maji mafu, saa kumi na mbili hiyo hiyo maji yako nusu, yanajaa polepole, na yataendelea kujaa mpaka utakapochoka. Upepo haujaamka. Ukinipa siku 8 tu kwa mwezi za kumfundisha mtu, nitachukua mwezi saba hadi kumi, na ishirini na mbili hadi ishirini na tano, alfajiri zote. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili. Nilikwenda saa nne ya bamvua, maji yamepwa, wimbi likaniangusha kwenye maji yasiyofika magotini, na bega likanizuia kuvaa shati bila msaada kwa wiki mbili.

Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la Kilindini kila mwaka, na tofauti yake na Malindi ni ndogo, linakutosha. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Wakisema mashua ndogo zisitoke, ubao wako ni mdogo kuliko mashua.

Ubao na vinavyokwenda nao

Kosa la vijana wengi ni kutaka ubao mfupi wenye ncha kali kwa sababu ndio waliouona kwenye simu. Ubao huo ni wa mtu aliyekwisha kujua. Wewe tafuta wa sponji juu, futi 8 au 9, upana wa inchi 22 hivi, mnene. Ukiulalia majini usizame. Kama muuzaji anajua ujazo wake, lita 70 hadi 80 zinambeba mtu mzima wa kawaida. Sponji pia haikupasui kichwa kama ubao mgumu wa faiba. Ubao hununuliwa mara nyingi kutoka kwa wageni wanaorudi kwao, basi ukague. Ubonyeze kwa dole gumba uone kama umekunywa maji, tikisa mapezi uone kama yamelegea, vuta kamba ya mguu kwa nguvu zako zote. Kamba iwe na urefu kama wa ubao. Kama ina ufa karibu na kifungo, nunua nyingine kabla ya kitu kingine chochote.

Omo ya ubao ni mbele, tezi ni nyuma, kama chombo chochote. Mapezi yako tezini. Kamba hufungwa mguu utakaokuwa nyuma.

Ubao wa faiba unahitaji nta ili miguu isiteleze. Nta ya nyuki ukiiyeyusha na mafuta kidogo ya nazi inafanya kazi. Weka mafuta machache, kwa joto letu ukizidisha itageuka uji. Sponji nyingi hazihitaji.

Vaa fulana inayobana yenye mikono mirefu na kaptura isiyo na zipu. Tumbo likisuguana na ubao wenye mchanga kwa saa moja linachubuka, na chumvi ikiingia utakumbuka maneno yangu. Kwa mabinti, suruali ya kubana na fulana ndefu ya kuogelea vinafanya kazi vizuri kuliko bikini, hata ukiacha suala la heshima. Dera halifai, linajaa maji na kukuvuta chini.

Kusoma maji

Fika, panda mahali palipoinuka, keti. Dakika 20 ndizo za chini kabisa.

Hesabu kwanza. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa matatu, manne, pengine sita, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kinachowaponza watu. Mtu anafika, anaona maji yamelala, anaingia, na kundi linamkuta katikati. Ukishaona makundi mawili au matatu yamepita ndipo unajua bahari ya leo ina kimo gani. Wimbi kubwa kuliko yote uliyoyaona likizidi kiuno chako, na hii ni wiki yako ya kwanza, leo ni siku ya kutazama tu.

Kisha tafuta fungu. Ni kilima cha mchanga kilicho chini ya maji, na wimbi likifika hapo linajikwaa: chini linashikwa na mchanga, juu linaendelea kwenda, mwishowe linapinduka. Hupasuka pale kina cha maji kinapokaribia kimo chake, kinazidi kidogo tu. Kwa hiyo povu linakuchorea ramani ya chini. Panapopasuka kwanza, mbali na ufuo, ndipo penye fungu. Tazama pia linavyopasuka. Likianza upande mmoja na kutembea kwenda upande wa pili kama zipu inavyofunguliwa, hapo ndipo pa kurudi baadaye ukishajua. Likianguka lote kwa pamoja kama ukuta wa udongo uliolowa, panafaa kwa povu lakini si kwa zaidi ya hapo.

Cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote. Maji yote yaliyoletwa ufuoni na mawimbi lazima yarudi, na hurudi kupitia mifereji iliyo kati ya fungu na fungu. Ukitazama kutoka juu utaona kama njia: povu kulia, povu kushoto, katikati maji meusi zaidi, yamekunjamana kidogo, hayapasuki. Mara nyingine mchanga na takataka vinaelea humo vikienda nje. Mgeni akifika hudhani hapo ndipo pazuri pa kuogea kwa kuwa hapana mawimbi. Hapo ndipo mkondo ulipo.

Mzee mmoja mvuvi wa juya, ule wavu wa kukokota, alinionyesha namna ya kuujua kwa hakika. Nilikuwa nimesimama na ubao kwapani nikijifanya najua. Hakusema neno. Akaokota kumbi la nazi, akalitupa majini mbele yetu. Likasogea kushoto polepole, kama mtu anayetembea sokoni bila pesa. Hatua thelathini, arubaini. Likafika penye weusi, likasimama kidogo, likageuka, na likaanza kwenda nje, sasa kwa mwendo wa mtu aliyeitwa. Alipoona nimeliona, akarudi kwenye wavu wake. Tangu siku hiyo siingii bila kutupa kitu: kumbi, kijiti, hata ganda la ndizi. Dakika mbili zinatosha kukuambia maji yanaelekea wapi na kwa kasi gani.

Mwisho, chagua alama zako. Manahodha huoanisha mnazi na mnara ili wajue walipo, nawe fanya hivyo. Chagua mnazi ulio karibu na paa lililo nyuma yake, vikae mstari mmoja mbele ya mahali utakapoingilia. Ukiwa majini kila baada ya muda geuka utazame. Vikiachana, umebebwa, hata kama hukuhisi. Toka, tembea urudi, ingia tena. Usijaribu kuogelea kurudi, mkondo wa pembeni hauishiwi na pumzi.

Na usidhani kusoma kwa juzi kunatosha. Baada ya bamvua moja yenye kusi kali nimewahi kurudi nikakuta fungu langu halipo, na mahali pake pana mfereji.

Mchangani kwanza

Chora umbo la ubao kwenye mchanga mkavu, lala kifudifudi juu yake. Mapezi ya ubao wenyewe usiyakandamize mchangani, yatang'oka.

Weka viganja kando ya mbavu, bapa, usishike kingo. Sukuma kifua juu, macho mbele, kisha leta miguu chini yako kwa mkupuo mmoja: wa nyuma karibu na tezi, ukiwa umekingama, wa mbele katikati. Magoti yamekunjwa, makalio hayajatoka nje. Mguu upi utangulie? Mwambie mtu akusukume mgongoni bila kukuonya. Mguu utakaokimbilia kukuokoa ndio wa mbele kwa watu wengi. Rudia mara ishirini kila siku, nyumbani kwenye mkeka pia. Usipite kwenye magoti. Ukizoea kupiga magoti kwanza, tabia hiyo itakuganda.

Povu

Siku zako za mwanzo, kumi hivi, zote ni za povu, yaani wimbi lililokwisha kupasuka. Vijana wanalidharau. Lina nguvu za kutosha kukusukuma mpaka mchangani na haliwezi kukuadhibu sana, tena linakuja kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo kwa saa moja unajaribu mara nyingi kuliko mtu aliye nje anavyojaribu kwa wiki.

Ingia ukiburuta nyayo badala ya kunyanyua miguu. Chini ya mchanga hulala taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, na ukimburuzia mguu huondoka zake, ukimkanyaga hukuchoma. Kwenda nje, ubao uwe ubavuni, omo ikielekea baharini. Usiuweke kati yako na wimbi hata mara moja. Wimbi likiupiga utakupiga wewe, na ubao wa futi 8 ukisukumwa na maji una uzito wa mlango.

Ukifika maji ya kiunoni, subiri. Povu likiwa umbali wa hatua kumi, geuza ubao uelekee ufuoni, lala juu yake, vidole vya miguu vikiwa tezini. Omo iinuke vidole vinne juu ya maji. Ikizama, umelala mbele mno, na povu litakupindua kichwa chini. Ikielekea mbinguni, umelala nyuma mno na wimbi litapita likuache. Piga kasia kwa mikono mitatu minne mizito, usipapatike. Povu likikugusa utahisi kama mtu amekusukuma nyonga. Hapo usisimame.

Ndiyo, usisimame. Mara kumi za kwanza lala tu, kifua juu, ufike mchangani. Jifunze kugeuza kwa kuegemea kulia na kushoto. Mpwa wangu alikasirika kwa hili kuliko lile la kuhesabu, lakini aliposimama, alisimama kwa sababu ubao ulikuwa umetulia chini yake. Mara kumi zinazofuata, sukuma kifua, leta miguu. Tazama paa ulilochagua kama alama. Ukitazama miguu yako utaanguka palepale unapopatazama.

Ukiona povu saba kati ya kumi unasimama na kufika mwisho, umeiva kwa hatua inayofuata. Kwa watu wengi niliowaona ilichukua siku sita hadi kumi na mbili.

Kupita nje, na wimbi zima

Kutoka nje kunachosha kuliko kupanda. Subiri kimya kati ya makundi ndipo utoke. Povu dogo likikujia ukiwa umelala, sukuma kifua juu lipite kati yako na ubao. Kubwa likija, shika kingo karibu na omo, vuta pumzi, jipindue ubao uwe juu yako, uvute omo chini kidogo. Utasikia mngurumo ukipita, kisha jipindue tena. Usiutupe ubao ukazama peke yako. Siku rafiki yako atakapokuwa nyuma yako, utamvunja pua.

Nje, keti juu ya ubao kando kidogo ya mahali wimbi linapoanzia kupasuka. Tafuta linaloumuka kimo chake hakijafika kichwani, lenye bega upande mmoja, maana yake upande ambao bado haujainuka. Geuka mapema. Piga kasia mpaka uhisi tezi inainuka, kisha ongeza mitatu. Hii mitatu ndiyo wanayoisahau wote. Wakiinuliwa tu wanasimama, na wimbi linapita chini yao. Ubao ukianza kuteleza wenyewe ndipo usimame, ukielekeza macho kwenye bega. Mwili hufuata macho, na ubao hufuata mwili.

Utakosa mengi. Mimi bado hukosa.

Kuanguka, na mkondo ukikushika

Kwenye fungu la mchanga maji ni machache kuliko unavyodhani. Anguka kama jani: chali au ubavu, mikono imetanda, nyuma ya ubao. Usipige mbizi kichwa mbele, hata ukiwa na hakika ya kina. Shingo huvunjikia kwenye mchanga kama inavyovunjikia kwenye sakafu. Ukiwa chini, funika kichwa kwa mikono yote miwili, na unapoibuka mkono mmoja utangulie, ubao unaweza kuwa unarudi.

Mkondo ukikubeba, hauzamishi, unapeleka nje tu. Wanaokufa humo wengi ni waliopigana nao mpaka pumzi zikaisha. Kaa juu ya ubao, tulia, hesabu pumzi kumi. Inua mkono mmoja kama kuna mtu ufuoni. Kisha piga kasia sambamba na ufuo, kuelekea penye povu, kwa maana povu ni fungu na mawimbi yake yanakurudisha. Usiache ubao.

Ukichomwa na taa, toka, ondoa mwiba kama umejitokeza na ni mdogo, kisha tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia bila kujiunguza kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Moto ndio unaotuliza sumu yake. Halafu nenda hospitali, kipande cha mwiba kinaweza kuwa kimebaki. Ukiwa umechomwa kifuani au tumboni usiguse mwiba, nenda moja kwa moja. Yavuyavu, ambao wengine huwaita konyeza, ukiwaona wengi wametupwa mchangani, leo rudi nyumbani.

Mwenzako abaki ufuoni na simu, akijua saa unayotoka. Hiyo kwangu si ombi.

Wenyeji wa maji

Ghuba ni mtupu wa wapanda mawimbi lakini si mtupu wa watu. Wenye juya na jarife, ule wavu wa kutega, walikuwa hapo kabla ya ubao wowote. Ukiwakuta, amkia wazee, uliza wavu umelalia wapi, na ushuke mbali nao hata kama fungu zuri liko mbele yao. Mbali na adabu, kamba ya mguu ikinasa kwenye jarife utajua kwa nini samaki hawatoki. Watoto wakioga, sogea. Na siku mkiwa wawili nje, wimbi ni la aliye karibu na linapopasukia, mwingine angoje lake.

Ukitoka, suuza ubao kwa maji ya kisima, uuanike kivulini. Juani, hasa ndani ya gari lililofungwa, sponji huvimba na kuachana na gundi kwa mchana mmoja. Kamba ifungue, usiikunje kwa nguvu. Lile pezi la mpwa wangu tulilipeleka kwa fundi wa mashua, akatuchongea jingine la mbambakofi, akalitia gundi na kulipaka sifa, yale mafuta ya papa. Ni zito kuliko wenzake wawili, na ubao unavuta kidogo kushoto, lakini ameshauzoea.